Anwani Moja kwa Wapishi Sita

Kwa miaka minane nilipika mahamri, mbaazi na achari ya maembe katika chumba hicho hicho nilicholala na wanangu, hapa Majengo, Pumwani, Nairobi, na sikumbuki mteja aliyelalamikia ladha. Kilichonizuia kusonga mbele ni karatasi. Mwenye duka mmoja wa Eastleigh aliipenda achari yangu, lakini akataka kuona alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nilipofuatilia nikafahamu kwamba lebo ya chakula kilichofungashwa lazima ionyeshe jina na anwani ya mtengenezaji, na kwamba mahali penyewe pa kutengenezea lazima pakaguliwe. Leseni ya kaunti nayo hutolewa kwa mahali pa biashara, hata mpishi awe hodari namna gani.

Katika chama chetu cha kuchangiana fedha tulikuwa wanawake sita wenye shida hiyo hiyo, kila mmoja na jiko lake kitandani, kwa namna ya kusema. Tuliamua kwamba zamu za kupokezana fedha zisimame kwa muda, michango ikodishe chumba kimoja kikubwa chenye maji, sakafu ya kuosheka na dirisha pana, kiwe jiko na anwani yetu sote.

Kupata chumba kulituchosha kuliko kupata fedha. Ule mlipuko wa gesi wa Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, ulikuwa bado mioyoni mwa watu, na kila mwenye nyumba aliposikia neno mitungi alitikisa kichwa. Sikuwalaumu. Hatimaye mmoja alikubali kwa sharti kwamba mitungi ikae nje, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli, na bomba ndilo liingie jikoni. Sharti hilo ningelitaka mimi mwenyewe hata kama asingelitaja.

Zamu za jikoni zilijipanga kwa urahisi, kwa sababu vyakula vyenyewe vina saa zake. Sisi wa mahamri huumua unga usiku na kukaanga kabla ya alfajiri. Wa sambusa huingia baada ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani huwa lazima wamalize kabla ya magharibi. Tulikubaliana pia tangu siku ya kwanza kwamba nyama isiyo halali haitaingia humo, na wenzetu wawili Wakristo ndio waliotaka jambo hilo liandikwe, ili mteja akiuliza pasiwe na majibu mawili.

Ugumu ulitokea kwenye karanga. Mwenzetu anayetengeneza siagi ya karanga alileta gunia la bei nafuu kutoka Nyamakima, na nilipolifungua nikaona punje zilizosinyaa, nyingine zikiwa na ukungu. Ukungu wa namna hiyo ndio huleta sumukuvu, sumu ambayo kukaanga hakuiondoi yote, na ambayo katika karanga viwango vya Kenya haviruhusu izidi sehemu 10 katika bilioni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100, wengi wao wa Makueni na Kitui. Nilimwambia, “Dada, zikikutwa na sumu hizi, hawatauliza ni za nani. Watasoma anwani.” Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa gunia lile lilikuwa mtaji wake wote. Tulikaa hadi usiku. Mwishowe chama kilimkopesha fedha za gunia jingine, lile la kwanza likatupwa, na tangu siku hiyo mali ghafi ya kila mmoja hufunguliwa mbele ya wawili wengine kabla ya kuingia stoo.

Bwana afya alipokuja kukagua, aliangalia vyeti vyetu vya afya, ambavyo huhuishwa kila baada ya miezi 6, kisha akainama kufunua shimo la kunasa mafuta kabla maji machafu hayajaingia kwenye mtaro. Tulikuwa tumelisafisha jana yake. Leseni ya kaunti tumeipata. Maombi yangu ya KEBS bado yanashughulikiwa.

Maji hukatika siku mbili kwa wiki, kwa hiyo michango ya mwezi huu ni ya tangi la pili. Zamu ya Jumamosi usiku bado iko wazi. Anayeihitaji aje na cheti chake cha afya, na mali ghafi yake tuifungue pamoja.