Elfu mbili kasoro

Kuna kundi la watu kwenye chesi ambao hamna anayewaandika. Wanaoanza wanaandikiwa kila siku, jinsi ya kutembeza farasi, jinsi ya kutofungwa kwa hatua nne, na magrandimasta nao wana makamera yao na watangazaji wao. Ila sisi wa katikati, wenye reitingi (ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji) ya 1900 na ushee, elfu mbili kasoro, tuliokaa humo miaka mpaka tumeota mizizi, sisi tunaishi maisha ya ajabu kidogo. Nyumbani na kazini wewe ndo bingwa, hamna anayekubali hata kukaa ubaoni na wewe, na mtu akisikia unacheza mashindano anauliza unaona hatua ngapi mbele, afu swali linalofuata lazima liwe Magnus Carlsen, je unaweza kumfunga? Jamani. Carlsen, bingwa wa zamani wa dunia, alifika 2882 mwezi Mei 2014. Mtu aliyekuzidi pointi 200 tu anatarajiwa kubeba kama asilimia 76 ya pointi zote mkicheza mechi nyingi, sasa huyo aliyekuzidi 900 we hesabu mwenyewe.

Hizo hesabu alizitunga Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE, shirikisho la chesi duniani, wakazipokea mwaka 1970, na tangu hapo watu wazima wenye akili zao wamekuwa wakikosa usingizi kwa ajili ya namba. Mi nasema hivi: ukitaka kumjua mchezaji wa ridhaa kiundani usimwangalie akicheza na mkali wake, mwangalie akipangiwa dogo wa miaka kumi. Tuseme wewe una 1950 na dogo ana 1650, tofauti 300. Ukishinda unaongeza pointi 3. Droo, yaani sare, inakula 7. Ukifungwa zinaondoka 17. Hiyo ni kwa sababu mtu mzima aliye chini ya 2400, akishamaliza mechi zake 30 za mwanzo, K yake ni 20, na K ndo inaamua reitingi itikisike kiasi gani. Ila dogo aliye chini ya miaka 18 na chini ya 2300 ana K ya 40, kwa hiyo akikufunga yeye anaondoka na 34! Na si kwamba ni 1650 kweli, hiyo namba ni ya zamani, tangu siku ile ameshakaa na kocha, ameshatatua mafumbo mpaka basi, namba tu ndo haijamfikia. We umetoka kazini Ijumaa umechoka, yeye miguu haigusi sakafu na anacheza haraka haraka huku anazunguka kuangalia meza za wenzake, afu anarudi anaona kila kitu.

Reitingi za huku chini zilishuka kuliko uwezo halisi wa watu mpaka FIDE wenyewe wakaingilia kati. Machi 1, 2024 kiwango cha chini kabisa kilipandishwa kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa asilimia 40 ya kile alichopungukiwa kufika 2000. Wa 1600 akawa 1760, wa 1900 akawa 1940, na wa 2000 kamili hakupata kitu, pole yake. Watu waliamka siku hiyo wamekuwa wakali bila kusogeza hata kitunda kimoja, kile kipande kidogo kabisa. Kuna waliosherehekea mtandaoni eti wamevunja rekodi yao ya maisha, na sikuwaonea haya hata kidogo, mi mwenyewe nilifungua ule ukurasa wangu mara nyingi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Lakini namba tuiache. Ninachotaka kusema leo ni kwamba sisi wa kundi hili tunadhani tumekwama kwa sababu hatujui vya kutosha, kwa hiyo tunanunua kozi za openingi, yaani hatua za kuanzia mechi, Sisiliani hii, Karo-Kani ile, London kwa waliokata tamaa (natania, nusu), wakati pointi zetu nyingi hatuzipotezi kwenye openingi kabisa. Tunazipotezea saa ya nne ya mechi.

Chukua mechi ya kawaida ya dakika 90 kila mtu na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. Mkicheza hatua 60 kila mmoja ameshatumia hadi saa mbili, yaani mmekaa hapo saa nne. Mashindano ya wikiendi mara nyingi ni raundi mbili kwa siku, kwa hiyo siku nzuri ya mapumziko umeitumia kukaa kitini saa nane, katikati yake umekula kitu upesi umesimama, na hiyo ni baada ya wiki nzima ya kazi. Mtu anayelipwa kucheza chesi anajiandaa kwa hilo, analala mchana, anakimbia mazoezi. Sisi tunakuja na macho mekundu yamevimba. Na angalia mechi zetu zinavyoenda: hadi hatua ya 30 unaweza ukadhani ni watu wa 2200 wanacheza, mpango upo, vipande vinafanya kazi, mtu ana faida ya kitunda kizima, afu saa ikibaki dakika moja, mnaishi kwa zile nyongeza za sekunde thelathini thelathini, ghafla tunakuwa watu wengine kabisa. Faida ya kitunda inakuwa droo, droo inakuwa kipigo.

Mfano mzuri ni miisho ya ngome, ubaoni zimebaki ngome, wafalme na vitunda tu. Kila mtu wa kiwango changu atakwambia anaijua pozisheni ya Philidor, yule Mfaransa mwanamuziki wa karne ya 18. Mwenzio ana ngome na kitunda, wewe una ngome tupu na mfalme wako yuko mbele ya kitunda, unaweka ngome safu ya tatu kutoka upande wako umzuie mfalme wake asiingie, unangoja, unangoja, na kitunda kikishasogea hadi safu hiyo ngome yako inakimbia mbali kabisa nyuma na kuanza kutoa cheki, hana pa kujificha. Droo. Kichwani ni rahisi, mwamshe mtu usiku wa manane atakuchorea. Ila mpe hiyo hiyo saa ya nne, ana sekunde 22, mkono unatetemeka, na nyongeza ikiwepo ya sekunde 30 lazima uandike kila hatua mpaka mwisho hamna kuacha, mwandiko umeshakuwa wa daktari, hapo ndo utamwona anaanza kutoa cheki mapema kabla kitunda hakijasogea, mfalme wa mwenzie anatembea zake polepole mbele, kwisha habari. Hakusahau Philidor, kachoka tu, na dawa ya uchovu haipo kwenye kozi ya openingi.

Ndo maana mi siku hizi usiku wa kabla ya mechi silali na database, ile hifadhi ya mechi za watu. Zamani pairing, yaani nani anacheza na nani, ikitoka saa tatu usiku watu wote tunaingia mtandaoni kumchimba mpinzani, anacheza Karo-Kani, sawa, unakesha na laini moja yenye hatua 18, unakuja asubuhi macho mekundu, unacheza e4 yeye anacheza e6. Kafransa, openingi nyingine kabisa! Na yeye alikuwa anakuchimba wewe, kaogopa ulichoandaa. Hapo mmekosa usingizi wawili na hamna aliyefaidika. Dakika ishirini zinatosha kujua anapenda nini, kisha zima taa.

Kuhusu upangaji wenyewe, mfumo wa Uswisi (ulianzia Zürich 1895) una kamchezo kake kwa watu wa katikati ya orodha. Raundi ya kwanza nusu ya juu inacheza na nusu ya chini, wakiwa 60 basi namba 1 anacheza na 31, namba 2 na 32 na kuendelea. Sasa ukiwa namba 29 unapewa wa 59, pengine mtu ndo mashindano yake ya kwanza. Ukiwa namba 32 unapewa namba 2. Kwa hiyo watu wachache tu wakijitoa asubuhi ile we unahama kutoka kula kuwa chakula, hujafanya lolote. Baada ya hapo ni ngazi ya kupanda na kushuka, ukishinda unapewa mkali, ukifungwa unapewa laini, mpaka Jumapili jioni unajikuta na nusu ya pointi za mashindano, kama kawaida. Kuna wanaoamini ukianza kwa kufungwa unapita njia rahisi huko chini halafu unaibuka mwishoni kuchukua zawadi. Labda. Mi nimewaona wengi wakianza kwa kufungwa, wanaoibuka ni wachache mno, na hao walikuwa na nguvu kuliko wenzao toka mwanzo.

Droo nayo ina siasa yake. Utaratibu unajulikana, unacheza hatua yako, unasema droo, unabonyeza saa, mwenzio anafikiri kwa muda wake. Kinachoniudhi ni mtu aliye na nafasi nzuri dhidi ya mtu wa 2200 anayekimbilia kuomba droo hatua ya 22 kwa sababu kaona namba ya mwenzie kwenye karatasi. Ubao unasema unashinda, karatasi inasema unashindwa, na mtu anaamini karatasi! Mkali huyo naye hakubali upesi hivyo, anakuangalia, anajua umeogopa, anaendelea kucheza akiwa na uhakika kuliko dakika moja iliyopita. Kwa hiyo umempa habari bure. Kama unaitaka hiyo droo kweli cheza hatua nzuri mfululizo aje aiombe yeye.

Sheria nyingine ni ndogo ndogo ila zinatafuna watu. Ukigusa cheza, hilo hata mtoto anajua, ila ukitaka kurekebisha kipande kilichokaa upande sema kwanza, usianze kukishika ndo useme. Simu ni balaa kabisa, ikilia umepoteza mechi hata kama umebakiza hatua moja ya kumfunga mtu. Siku hizi mi naiacha nje kabisa na mtu, na nimegundua zile saa nne bila simu ndo saa pekee kwenye wiki yangu ambazo hamna anayeweza kuniuliza kitu. Watu wanadhani tunaenda kwenye mashindano kutafuta pointi.

Na baada ya mechi, kile kikao cha pembeni! Hapa nitakaa kidogo maana ndo utamu wenyewe. Mmepeana mikono, mmesaini karatasi, mnaenda chumba kingine na ubao wa zamani wenye ngome moja iliyokatika kichwa, mnarudia mechi nzima wawili nyie ambao dakika kumi zilizopita mlikuwa hamtazamani. Anakwambia hapa niliogopa sana askofu wako. Kumbe! We hukuwa hata unamfikiria huyo askofu, ulikuwa unaogopa farasi wake. Mnagundua mlicheza mechi mbili tofauti kwenye ubao mmoja. Mtu wa tatu anapita anaegemea meza anasema mbona hamkuangalia malkia h5, kimya, mnaangalia, anasema samahani haiwezekani, anaondoka. Injini, ile programu ya kompyuta ya kuchambua mechi, haitakupa hiki. Injini nyumbani itakwambia hatua ya 27 ulikuwa na faida ya 1.8, karibu vitunda viwili, na ikaisha, asante, ila haijui kwa nini uliogopa, na hicho ndo ulichotakiwa kukijua. Ushauri wangu kwa wa kundi letu: andika mwenyewe kwanza ulichokuwa unafikiri kila mahali pagumu, hata kama ni upuuzi, kisha ndo uiwashe injini yako, Stockfish au nyingine. Ukianza na mashine unajidanganya kwamba na wewe uliyaona hayo.

Ah, na nyie wa mtandaoni. Mtu ananiambia yeye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ana 2100 kwa hiyo amenizidi. Rafiki, Lichess kila mtu anaanzia 1500 na inatumia Glicko-2, hesabu nyingine si hii ya Elo, ni kapu lingine lenye watu wengine, huwezi kuchukua namba ya huko ukaileta hapa. Karibu ukumbini tu, utafurahi, ila usishangae ukikaa mbele ya ubao halisi usione hata kitu ambacho kwenye skrini ungekiona kwa sekunde mbili.

Sasa hivi kuna mashindano yanakuja na yana makundi mawili, la wazi na la chini ya 2000, na jamaa zangu wananicheka kwamba nalinda hii elfu mbili kasoro ili nibaki kuchukua zawadi za kundi la chini. Wapo wanaofanya hivyo, nawajua, na wakikaribia 2000 ghafla wana mafua. Mi nimejiandikisha la wazi. Na nimeomba bai ya nusu pointi raundi ya kwanza, ile ya Ijumaa jioni, jamaa wanasema huo ni woga, nusu pointi bila kucheza. Waseme. Ijumaa jioni mi si mchezaji wa 1900, ni mtu aliyetoka kazini, na nusu pointi ndo matokeo mazuri kabisa ambayo mtu huyo angeyapata. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwepo, nimelala, na yeyote nitakayepangiwa, hata kama miguu yake haigusi sakafu, tutafika saa ya nne wote.