Mkurugenzi Mpya, Kalibu za Zamani

Kampuni kongwe ya kutengeneza askari wa kuchezea inapotangaza kwamba mkurugenzi wake anang'atuka na mwingine anakabidhiwa ofisi, sisi wakusanyaji, hata wachache tulioko huku Dodoma, hushikwa na wasiwasi kana kwamba ni sisi tunaolipwa mshahara na kampuni hiyo. Maoni yangu ni kwamba wasiwasi huo una haki yake, ila tunauelekeza mahali pasipo penyewe: tunatazama kiti cha mkurugenzi, wakati hatima ya askari hawa imekuwa ikiamuliwa karakanani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni W. Britain ya Uingereza. William Britain alikuwa fundi wa vitu vya kuchezea jijini London, na mwaka 1893 mwanawe, aliyeitwa pia William, alibuni namna ya kumimina askari mwenye uwazi ndani. Madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kuchanganywa na madini mengine humiminwa kwenye kalibu ya chuma. Yale yanayogusa kuta za kalibu huganda kwanza, na kabla ya yaliyo katikati kuganda, fundi huigeuza kalibu na kuyamwaga, akabaki na gamba jembamba lenye umbo kamili. Kuchelewa kidogo tu humpa askari mzito aliyekula madini bure, na kuharakisha humpa askari mwenye matundu. Wajerumani, waliokuwa wametawala soko hilo, waliuza askari waliojaa madini tupu, kwa hiyo bei yao ilikuwa juu. Baba alipofariki mwaka 1906, na mwaka uliofuata biashara ikasajiliwa kuwa Britains Limited, hakuna kilichoyumba, kwa sababu waliorithi walikuwa tayari wanaijua kazi yenyewe.

Ujuzi huo ulionekana pia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walipokuwa wamechoshwa na habari za vita. Familia haikung'ang'ania bunduki; mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilianza kutoa ng'ombe, mikokoteni na wakulima, na shamba hilo likaibeba kampuni. Madini ya risasi yenyewe yaliachwa mwaka 1966, madhara yake kwa watoto yalipokuwa yamekwisha kujulikana, na plastiki ikachukua nafasi.

Halafu ndipo kiti kilipoanza kuzunguka. Mwaka 1984 kampuni ilinunuliwa na Dobson Park, shirika lililojulikana zaidi kwa mitambo ya migodini, na mwaka 1997 ikaingia mikononi mwa Ertl ya Marekani. Mwaka 2005 askari waliuzwa kwa First Gear, nayo ya Marekani, huku mifugo na matrekta vikibaki kwa RC2, kampuni iliyokuwa imeichukua Ertl, ambayo nayo ilinunuliwa na Tomy ya Japani mwaka 2011. Jina moja, basi, likagawanywa kama shamba la urithi, na hakuna mwana wa Britain aliyekuwa mezani.

Ninaye askari mmoja wa zamani wa kampuni hiyo, wa kikosi cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni Afrika Mashariki, mwenye tarbushi na bunduki begani, rangi imemtoka kwenye magoti na pua. Rafiki yangu mmoja, mzee mstaafu wa JWTZ anayekaa Area C, alimshika kwa vidole viwili, akamgeuza chini juu, akasema miguu imepangwa sawasawa na gwaride. Nilipomweleza habari za wakurugenzi, aliuliza swali ambalo sijalisikia kwa mkusanyaji yeyote: "Mwanangu, huyo bosi mpya amewahi kumpaka rangi hata mmoja, au anajua hesabu tu?"

Simdharau mhasibu. Wanunuzi wanazeeka, askari wa leo humiminwa na kupakwa rangi China, na sanamu moja ya kimo cha milimita 54 inaweza kuuzwa kwa fedha ambayo mtu wa hapa angenunulia gunia la mahindi. Biashara ya namna hiyo isipokuwa na anayejua hesabu hufa. Ila kiongozi asiyejua kazi ya mchongaji hukata gharama palepale kwenye uso na vidole, ambapo mnunuzi hutazama kwanza.

Kwa hiyo ningependa kila tangazo la kubadilisha uongozi litueleze kalibu za zamani zimehifadhiwa wapi, nani anachonga sanamu mpya, na kama mchongaji huyo ana mwanafunzi. Matangazo ninayoyasoma huorodhesha shahada za mkurugenzi na kampuni alizopitia. Jina la mchongaji huwa halimo.