Mgagani ni mboga kwanza, dawa baadaye

Mvua zinapoanza kunyesha Dodoma, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, mgagani huwa miongoni mwa mimea ya kwanza kuchipua kandokando ya mazizi na kwenye mashamba ambayo bado hayajalimwa. Hakuna aliyeupanda: mbegu zake ndogo nyeusi hukaa ardhini kiangazi chote, na kwa kuwa unapenda udongo wenye samadi, boma la ng'ombe lililohamwa linaweza kulisha kaya kadhaa kwa majuma mengi. Wataalamu wa mimea huuita Gynandropsis gynandra, zamani Cleome gynandra. Jani lake mara nyingi limegawanyika sehemu tano kama vidole vya kiganja, shina lina vinywele vinavyonata, na maua yake ni meupe au ya zambarau hafifu, yenye nyuzi ndefu zinazochomoza nje. Usanisinuru wake, yaani jinsi unavyotumia jua kujitengenezea chakula, ni wa aina ileile ya mtama na mahindi, inayostahimili jua kali na kutumia maji kwa uangalifu, jambo lenye maana kubwa katika mkoa unaopata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka.

Anayeuchuma kwa ajili ya chungu huwahi kabla haujachanua, kwa sababu ukishatoa maua majani hupungua ukubwa na uchungu huzidi. Ukikata vikonyo vya maua mapema, mmea huendelea kutoa majani kwa muda mrefu zaidi. Uchungu wenyewe hupunguzwa kwa kuchemsha majani na kumwaga maji ya kwanza, kisha mboga huungwa kwa karanga zilizotwangwa au maziwa na kuliwa kwa ugali wa uwele au wa mtama. Mimi huona maziwa yanatosha kuondoa ukali, na simwagi maji hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitamini C huondoka nayo. Karanga nazo zina kazi zaidi ya ladha: mafuta yake huusaidia mwili kufyonza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaousifu mgagani kama dawa ya kila kitu. Wazee wengi humpa mama mzazi mboga hii ili arudishe damu na nguvu, na ushauri huo una msingi, kwani majani yana madini ya chuma, kalsiamu na vitamini hizo nilizozitaja. Lakini chuma cha mboga hufyonzwa kwa kiasi kidogo, hivyo ni vyema kuongeza nyanya au ndimu, na mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asiviache kwa sababu tu amekula mgagani. Mboga na vidonge havigombani.

Matumizi ya nje yanahitaji tahadhari zaidi. Mgagani ni ndugu wa mbali wa haradali na kabichi, na majani yake yakipondwa hutoa kemikali kali za jamii ileile inayoipa haradali ukali wake. Ndiyo maana majani yaliyopondwa yakibandikwa kwenye kipaji cha uso au kwenye kiungo kinachouma huleta joto na nafuu ya muda, na ndiyo maana pia yakiachwa mno ngozi huwa nyekundu na hata kutoa malengelenge. Kukamulia maji ya majani hayo katika sikio la mtoto, kama inavyofanyika vijijini, sikubaliani nako hata kidogo: kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, maji hayo makali hupenya hadi sikio la kati. Mtoto apelekwe zahanati. (Kupe nao hawaupendi mmea huu, watafiti nchini Kenya walionyesha hivyo katika miaka ya 1990, jambo ambalo wafugaji wetu wangeweza kulijaribu malishoni.)

Kuhusu unga wa mgagani unaouzwa katika vichupa kwa ahadi za kutibu kisukari na shinikizo la damu, mnunuzi ana haki ya kuuliza kama muuzaji amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Fungu la majani mabichi sokoni ni rahisi zaidi, na unaona unachonunua.

Usichume kando ya barabara kuu wala katika mashamba yaliyopuliziwa dawa. Kwa kuwa viwanja vya mji vinajengwa kila mwaka, ni busara kuotesha wako nyuma ya nyumba: acha mashina machache yakauke na maganda yake, hifadhi mbegu mahali pakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu mbegu mpya huota kwa shida, kisha zimwage juujuu kwenye samadi iliyooza na uzifunike kwa udongo kidogo sana.