Nyama ya Upande Wangu

Binamu yangu alioa mwaka 2016. Walima ulikuwa Kibokoni, turubai limefunika kichochoro kizima, na harufu ya biriani unaipata tangu barabarani.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne tu tangu niujue ugonjwa wangu kwa jina: akalasia. Kabla ya hapo miaka mitatu ilipita nikimeza vidonge vya asidi, mara nikiambiwa ni vidonda vya tumbo, mara (kwa jirani mmoja) kijicho. Hadi siku niliponyweshwa beriamu, uji mweupe kama chokaa, nikapigwa picha. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umetanuka kama mfuko, chini umechongoka kama mdomo wa ndege. Neva zake zimekufa, daktari akasema, na kilango cha kuingilia tumboni hakilegei. Chakula hakisukumwi tena, kinateremka kwa uzito wake, kikipenda. Neva hizo hazina dawa ya kuzirudisha. Kuna kukitanua kilango kwa puto, au kuukata msuli, upasuaji ulioanzishwa na Mjerumani Heller mwaka 1913. Mimi pesa zilikuwa bado zinachangwa.

Nyumbani nilikuwa na hila zangu: uji, mbaazi za kupondwa, maji ya vuguvugu kila baada ya tonge mbili tatu, kisha nasimama wima. Usiku mito mitatu, la sivyo chakula cha jioni kinarudi kooni na kuniamsha kwa kikohozi. Lakini sinia halijui hila. Mko wanne, mlima wa wali katikati, na ukila kwa kujivuta mwenye shughuli ataona umemdharau. Hilo ndilo lililokuwa likinitisha, kuliko hata kukwama.

Mbele yangu aliketi mzee mmoja wa kanzu na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alikuwa akichambua nyama kwa vidole na kuisukuma upande wangu, kama wazee wetu wafanyavyo. "Kula, mwanangu. Kijana huogopa nyama?" Nikala. Akasukuma nyingine. Nikala. Ya tatu ilikuwa mnofu wa paja, nami kwa haya nikaumeza nusu nzima.

Ukakaa. Hapa, katikati ya kifua, kama ngumi. Nikanywa maji, na maji nayo yakasimama juu yake. Mate yakaanza kujaa mdomoni. Nikainuka na mkono wangu wenye mafuta, nikapenya kati ya masinia, nikaenda kuinamia mtaro nyuma ya nyumba.

Mara nikasikia kofi la mgongo. Mzee alikuwa amenifuata. "Amepaliwa! Leteni maji!"

"Sikupaliwa, babu," nikasema, na kwa kuwa nilisema, akaacha kunipiga. Pumzi ilikuwa sawa. Kilichoziba ni njia ya chakula, na makofi hayaifiki. Nikamweleza hivyo, kwa vipande, huku nikitema. Yale maji yalitoka kwanza. Kisha nikasimama nimeegemea ukuta, mikono juu, nikingoja. Mzee akajikalia barazani, akangoja nami. Aliniuliza iwapo maji pia hunikwama. Nikamwambia ndiyo, siku nyingine. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Ikapita kama robo saa. Nikauhisi mnofu ukiteleza, taratibu, halafu kifua chote kikawa chepesi.

"Umeshuka?"

"Umeshuka, babu. Niwie radhi. Nyama ulinichagulia nzuri."

Akaangalia kule kwenye turubai, kisha akanisogelea, akavuta mdomo wa juu kwa kidole. Ufizi mtupu, wa waridi, upande hata upande.

"Meno niliyasahau nyumbani," akaninong'oneza. "Ile nyama nami ningeipeleka wapi?"

Tulirudi pamoja tukakaa pale pale, tukala wali wa pembeni uliolowa rojo, yeye na mimi, polepole. Mnofu uliofuata aliusukuma kwa yule kijana wa kushoto.