Karafuu, Vanila na Moshi: Kumbukumbu ya Kisanduku Changu cha Harufu

Oktoba

Kisanduku ninachokiunda kina harufu tatu tu, yaani karafuu, vanila na moshi wa kuni. Nimezichagua kwa sababu molekuli zake kuu zimejengwa juu ya umbo moja: pete ya atomi sita za kaboni ambayo imepachikwa kundi la hidroksili (oksijeni na hidrojeni) na, jirani yake, kundi la methoksi (oksijeni iliyobeba kaboni moja na hidrojeni zake). Gwayakoli, mojawapo ya molekuli zinazoupa moshi wa kuni harufu yake, inaishia hapo. Yujenoli ya karafuu ina mkia wa kaboni tatu upande wa pete unaokabiliana na hidroksili, na vanilini ya vanila ina kundi la aldehaidi (kaboni moja yenye oksijeni na hidrojeni) mahali hapo hapo penye mkia. Ukizichora kwenye karatasi tofauti ni ndogo sana, lakini hakuna mpishi atakayekosea kati ya karafuu na vanila hata akifumbwa macho. Ninachotaka kisanduku hiki kionyeshe ni jinsi pua inavyozitenganisha.

Mafuta ya karafuu nimeyatoa mwenyewe kwa mvuke. Sikutumia karafuu zenyewe, ambazo bei yake haifai kwa mchezo wa namna hii, bali makonyo yaliyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Pemba nako makonyo ndiyo yanayotumika kiwandani kutolea mafuta. Yujenoli ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi, lakini ikichanganyika na mvuke wa maji husafiri chini ya nyuzi 100, na hiyo ndiyo sababu sufuria yenye mfuniko uliozibwa vizuri na bomba lililopitishwa katika ndoo ya maji baridi vinatosha. Kimiminika kilichotoka kilikuwa cheupe chenye utusitusi, na baada ya kutulia usiku kucha matone ya rangi ya manjano yalikuwa yamekusanyika chini ya chupa. Mafuta mengi ya mimea huelea, ila haya huzama kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Vanila nimeipata kwa kuloweka maganda yake. Kwa moshi nimefukiza mafuta ya parafini yasiyo na harufu, yale yanayouzwa katika duka la dawa, na parafini hiyo hiyo nimeitumia kuzimulia harufu zote tatu, sehemu moja kwa kumi, kisha moja kwa mia, na kuendelea hivyo hadi chupa ya mwisho isinukie kitu.

Novemba

Mwezi huu nimeandika kadi zitakazokaa ndani ya kisanduku, na sehemu kubwa ya muda imekwenda kwenye kadi inayoeleza kinachotokea puani.

Hewa tunayoivuta hupanda hadi kwenye dari ya uwazi wa pua, ambako kuna kipande kidogo cha utando chenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli hutoa vinyweleo vinavyolala katika ute, na vipokezi vya harufu vimo juu ya vinyweleo hivyo. Kipokezi ni protini moja ndefu inayopenya utando wa seli mara saba, ikiacha kijishimo baina ya mapindo yake. Yujenoli ikituama katika kijishimo hicho, protini hubadilika umbo na kuamsha protini ya G, yaani protini ya kupitisha ujumbe iliyo upande wa ndani, nayo huchochea kimeng'enya kinachogeuza ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuwa AMP ya mzunguko, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli. AMP hiyo hufungua milango ya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, sodiamu na kalisi zikaingia, kisha kalisi ikafungua milango mingine inayotoa kloridi nje. Na kwa kuwa kloridi ina chaji hasi, kutoka kwake kunaongeza msukumo ule ule ulioanzishwa na ioni zilizoingia, hadi seli inapotuma ishara kwenye ubongo. Sehemu hii ya kloridi ndiyo iliyonipendeza kuliko zote, maana katika seli nyingi za neva kloridi huingia ndani na kutuliza, ilhali hapa inatoka na kuchochea.

Jeni za vipokezi hivi zilitangazwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Binadamu ana aina takriban 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na panya ana zipatazo 1,000. Kila seli ya neva hubeba aina moja tu, na seli zenye aina moja hupeleka ishara zao mahali pamoja katika ubongo.

Hapa ndipo picha iliyozoeleka ya ufunguo na kufuli inapopotosha. Watafiti wa Japani walichunguza kwa kina kipokezi cha panya kinachoitwa mOR-EG, ambacho huitika kwa yujenoli, lakini huitika kwa vanilini pia. Methili-isoyujenoli, ambayo ni ndugu wa karibu wa yujenoli, hukaa katika kipokezi hicho bila kukiamsha na huizuia yujenoli isifanye kazi yake. Kwa hiyo hakuna kipokezi cha karafuu wala cha vanila. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa kwa viwango tofauti, kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na ubongo husoma mpangilio mzima wa vilivyoamka na vilivyolala. Mkia wa kaboni tatu ukibadilishwa kuwa aldehaidi, baadhi ya vipokezi hubaki katika orodha, vingine hutoka na vipya huingia.

Desemba

Nimeanza kuwajaribu watu wa nyumbani, wakinusa vipande vya karatasi bila kuambiwa kilichomo. Shangazi alipopewa karafuu ya moja kwa kumi hakutaja kiungo hata kidogo. Alirudisha kichwa nyuma akasema, "Hii ni ya kwa daktari wa meno, mwanangu." Amesema kweli, kwani yujenoli huchanganywa na oksidi ya zinki kuwa dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kipande kilichozimuliwa zaidi alikiita pilau. Mafuta yakiwa makali huamsha vipokezi vingi zaidi, na hugusa pia neva ya uso inayopeleka hisia za mwasho na ganzi, ambayo haimo kabisa katika mfumo wa kunusa.

Jaribio la kuchoka kwa pua limekwenda vizuri. Anayenusa karafuu mfululizo huacha kuisikia baada ya muda mfupi, kwa sababu kalisi ile ile iliyoingia katika seli hushirikiana na protini nyingine kuifanya milango ya ioni isiitikie AMP kwa wepesi. Akipewa vanila papo hapo huisikia, ingawa baadhi wamesema imekuja nyembamba kuliko kawaida, jambo ambalo ningelitarajia ikiwa vipokezi vya harufu hizi mbili vinaingiliana kwa sehemu.

Moshi ndio umeleta ubishi. Wapo waliouona mkali usiovumilika na wapo waliouona hafifu, tena kutoka chupa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tofauti katika jeni ya kipokezi OR10G4 zinachangia jinsi mtu anavyopima ukali wa gwayakoli na jinsi anavyoipenda au kuichukia. Chupa yangu ya moshi ina mengi zaidi ya gwayakoli, hivyo siwezi kumhukumu mtu jeni zake kwa kunusa kwake. Hatua inayofuata ni kutafuta gwayakoli safi, kisha kuandaa mchanganyiko wa karafuu na vanila kwa vipimo vinavyopishana, ili nione ni wakati gani wanusaji wanaacha kutaja harufu mbili na kuanza kutaja moja.