Siku Mama Mdogo Aliponifundisha Kupika Maini na Firigisi

Mama aliporudi nyumbani kutoka hospitali na mdogo wetu wa mwisho mikononi, alikuwa amepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, na midomo yake ilikuwa imepauka kiasi kwamba hata mimi, niliyekuwa na umri wa miaka 14 na nisiyejua lolote kuhusu mambo ya uzazi, niliona wazi kuwa hayuko sawa. Muuguzi alikuwa amempa vidonge vya madini ya chuma na kumsisitizia ale vyakula vya kuongeza damu: nyama, maini, maharage, na mboga za majani zenye kijani kilichokolea. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini nyama hatukuimudu. Baba hakuwa na kazi ya kudumu wakati ule, na akiba ndogo iliyokuwapo ilikuwa imekwishia kwenye matibabu.

Mchana huo alikuja Mama Mdogo na mfuko uliojaa vya ndani vya kuku. Kwa fedha ambayo isingetosha hata kuku nusu alikuwa amepata maini, mioyo na firigisi za kutulisha sote, tena na akiba ya kesho yake. Alimsalimia dada yake, akamshika mtoto kidogo, kisha akanigeukia mimi. “Njoo jikoni, mwanangu. Mimi nitaondoka kesho kutwa, na mama yako atahitaji mtu wa kumpikia.”

Mpaka siku hiyo vya ndani nilikuwa nimevijua kwa namna moja tu: vinatumbukizwa sufuriani pamoja na kuku mzima, na vinatoka kuku anapotoka. Maini yalikuwa yamekauka na kuvunjika kama chaki, firigisi zilitafunwa hadi taya zikachoka, na sisi watoto tulivikubali kwa sababu hapakuwa na kingine. Mama Mdogo alimwaga vyote kwenye sinia na kuanza kuvitenga katika mabakuli matatu, akizungumza bila kunitazama. “Hivi ni vitu vitatu, si kimoja. Kila kimoja kina saa yake motoni. Ukivipa vyote saa ile ile, utaharibu viwili ili uivishe kimoja.”

Alianza na firigisi, kwa kuwa ndizo zinazohitaji muda. Nyingi zilikuwa zimekwisha kupasuliwa na kusafishwa, lakini chache zilikuwa bado nzima, na hizo ndizo alizonipa. Alinionyesha mahali pa kupitisha kisu, kwenye ukingo mnene wa msuli, nikakata kwa uangalifu hadi zikafunguka. Ndani mlikuwa na punje za nafaka zilizosagika nusu na vijiwe vidogo vilivyolainika kingo zake. Kuku hana meno, alinieleza, kwa hiyo humeza changarawe, na firigisi hukaza na kulegea kutwa nzima ikikisaga chakula kwa vijiwe hivyo. Baada ya kuvimwaga nikaona ngozi ya manjano, ngumu na yenye mikunjo, iliyotanda ndani yote ya firigisi. Hiyo ndiyo inayoulinda msuli usichubuliwe na changarawe, na haiivi kamwe hata ukeshe nayo jikoni. Mama Mdogo aliibandua pembeni kwa ncha ya kisu, akaishika kwa kidole gumba na cha shahada, akaivuta, ikatoka nzima kwa mkupuo mmoja. Yangu ilikatika vipande. Alinipa ya pili, ya tatu, mpaka vidole vyangu vikajua ni wapi pa kushika na ni kwa nguvu gani.

Jambo moja lilinishangaza. Hakufungua bomba juu ya zile firigisi. Aliziweka katika bakuli la maji, akazisugua taratibu ndani ya maji hayo, akayamwaga polepole, akarudia. Alisema maji ya bomba yakiipiga nyama ya kuku hurusha matone hadi kwenye vyombo safi na mikate iliyo mezani, na vijidudu vya kuku mbichi husafiri na matone hayo. Alipomaliza aliosha sinki, ubao wa kukatia, kisu na mikono yake kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kugusa kitunguu hata kimoja, na mimi akanitaka nifanye vivyo hivyo ingawa nilihisi mikono yangu ilikuwa safi. Katika nyumba yenye mzazi dhaifu na mtoto mchanga, alisema, usafi wa jikoni ni sehemu ya dawa.

Firigisi zikaingia kwenye sufuria na maji ya kuzifunika, kitunguu maji kilichokatwa mara mbili, vipande vya tangawizi, punje chache za pilipili manga na chumvi kidogo. Maji yalipoanza kuchemka lilipanda povu la kijivu, akanipa kijiko niliengue hadi supu ikabaki safi. Kisha akapunguza moto mpaka uso wa maji ukawa unatikisika tu, kiputo hapa na kiputo pale. Hapo ndipo aliponipa somo ambalo ningependa kila mpishi alijue. Msuli unaofanya kazi bila kupumzika huwa umefungwa kwa nyuzi nyingi ngumu, na nyuzi hizo haziogopi moto mkali. Moto mkali huzikaza tu na kuukamua msuli maji yake. Kinachozishinda ni joto la wastani linalokaa muda mrefu, kwani polepole huyeyuka na kuwa utelezi ule unaofanya supu ikipoa igande. Kwa hiyo firigisi ina mapito mabaya katikati. Baada ya dakika ishirini imeiva kwa maana ya kwamba haina ubichi, lakini ni ngumu kuliko ilivyokuwa, na wengi huitoa hapo na kuihukumu kuwa ndivyo ilivyo. Inataka saa moja na nusu hivi, na ikiwa kuku alikuwa mkubwa, hata zaidi. Anayetumia sufuria ya presha hufika huko kwa takribani nusu saa. Sisi hatukuwa nayo.

Nilikaa na sufuria ile. Kila mara alinipa uma nichome, na nilihisi tofauti mkononi kabla sijaiona kwa macho: mwanzo uma ulirudishwa, baadaye ukaingia kwa kubishana, mwishowe ukapita. Naamini hadi leo kwamba dharau ambayo watu wengi wanayo kwa nyama za ndani inatokana na haraka ya mpishi, wala si nyama yenyewe. Firigisi iliyopewa muda wake ina ladha nzito ya kuku kuliko kifua chote, na mnofu wake unakatika kwa meno bila kusambaratika. Sijui sehemu nyingine ya ndege yenye kustahili heshima zaidi na kupewa kidogo namna hiyo.

Mioyo haikutuchukua muda mrefu. Tulikata sehemu ya juu yenye mishipa na mafuta, tukaipasua kila mmoja kwa urefu, tukabonyeza damu iliyoganda ndani ikatoka, basi. Nayo ni msuli unaofanya kazi daima, lakini nyuzi zake ni laini zaidi, kwa hiyo tuliitia kwenye sufuria nusu saa ya mwisho ikamalizie safari pamoja na firigisi.

Maini aliyaacha hadi mwisho kabisa, na alipoyasogeza karibu na mwanga wa dirisha sauti yake ilibadilika, kwani ndiyo yaliyokuwa ya Mama. Alinitaka nitazame kila ini pande zote mbili. Mengine yalikuwa mekundu ya kahawia, mengine yamefifia hadi kukaribia rangi ya udongo mkavu, naye akanihakikishia kuwa tofauti hiyo hutokana zaidi na mafuta yaliyomo na haina ubaya. Nilichotakiwa kukitafuta ni kijani. Kifuko cha nyongo hushikana na ini, na kikipasuka wakati wa kuchinja au kutoa matumbo, huacha doa la kijani ambalo uchungu wake hauondoki kwa kuoshwa wala kwa kiungo chochote. Tulikuta madoa mawili. Mama Mdogo alikata kwa upana, akichukua na sehemu safi iliyozunguka doa, akasema ni afadhali kupoteza kipande kuliko kupoteza kikaango kizima. Kisha tukaondoa ule uzi mweupe unaounganisha sehemu mbili za ini, kwa kuwa ukibaki hukaza na kulikunja ini motoni.

Baada ya hapo akayakausha kwa kitambaa safi, moja moja, kwa subira ambayo niliiona imepita kiasi mpaka aliponieleza sababu. Ini lina maji mengi. Likiingia kwenye mafuta ya moto likiwa limelowa, hurusha mafuta hadi usoni, na mbaya zaidi, hutokota katika maji yake badala ya kukaangika, likatoka la kijivu na lenye harufu nzito. Kikaango kilipashwa moto vizuri, mafuta yakatandazwa, maini yakapangwa bila kugusana, kwa mikupuo miwili. Nilitaka kuyageuzageuza, akanishika mkono. Aliyaacha yatulie mpaka upande wa chini ukawa na rangi ya kahawia, akayageuza mara moja tu. Kisha akaongeza vitunguu alivyokuwa amevikaanga kando, kitunguu saumu, nyanya moja iliyokatwa ndogondogo, akapunguza moto na kufunika kwa dakika chache.

Alikikata kimoja cha vipande vile katikati na kunionyesha. Hapakuwa na damu wala ubichi wa kuteleza, ila palikuwa bado na unyevu. Kuna watu hupenda ini la kuku likiwa jekundu ndani, nami nimekutana nao baadaye wakilisifia, lakini yeye hakukubali, na hoja yake ilikuwa sahihi: katika mnofu vijidudu hukaa zaidi juu, ilhali ndani ya ini la kuku vinaweza kuwamo kabisa, hasa kile kiitwacho kampilobakta, kwa hiyo kukaanga uso wake tu hakutoshi. Nilipopata kipimajoto cha jikoni miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya ini ndizo zinazoshauriwa, na kwamba kati ya hapo na hali ya kuwa chaki kuna nafasi ndogo sana ya dakika moja au mbili. Yeye aliipata nafasi hiyo kwa macho na ncha ya kisu.

Nilipeleka sahani chumbani mwenyewe. Mama alikuwa amechoka na hakuwa na hamu ya kula tangu arudi, lakini harufu ya vitunguu ilikuwa imenitangulia mlangoni, naye akajiinua na kuegemea mto. Alikula kipande cha kwanza polepole. Kisha akauliza ni nani aliyepika, nami nikamjibu kuwa ni Mama Mdogo. “Ni huyu,” sauti ya Mama Mdogo ikasikika kutoka nyuma yangu. “Mimi nilikuwa nasema tu.” Mama akamaliza sahani yote.

Baba alikuwa ameleta kikombe cha chai na kukiweka karibu na sahani, Mama Mdogo akakichukua kwa upole na kukirudisha jikoni. Chai ingeletwa baadaye, alisema, kwani huuzuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma ya vidonge na ya mboga. Mahali pake aliweka maji yaliyokamuliwa limau. Nilimuuliza kama basi Mama ale maini kila siku ili apone upesi. Akakataa katakata. Ini ni ghala la vitamini A, na vitamini hiyo haitoki mwilini kwa urahisi kama nyingine nyingi. Gramu 100 tu za maini ya kuku zina zaidi ya mikrogramu 3,000, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku. Takwimu hizo nilizijua nikiwa mtu mzima. Yeye alisema tu kwamba mara moja kwa wiki inatosha, na kwamba mjamzito anapaswa kujihadhari nayo kuliko wote, kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Siku nyingine Mama angekula firigisi na mioyo, ambayo nayo ina chuma na protini ya kutosha bila mzigo huo wa vitamini, pamoja na maharage na mboga.

Usiku huo sisi wengine tulikunywa supu na mioyo. Firigisi zilizobaki zililala ndani ya supu yake mahali pa baridi, na asubuhi tulikuta imeganda ikatetemeka bakulini, jambo lililomfurahisha Mama Mdogo kama ushahidi wa kila alichoniambia. Kabla hajaondoka alinisimamia nikizikata vipande vyembamba, nikazikaanga kwa moto mkali na vitunguu, pilipili manga na kijiko kimoja cha ile supu iliyoganda, ambayo iliyeyuka na kuzivika mng’aro. Safari hiyo hakunishika mkono. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akimnyamazisha mtoto, na nilipomletea kipande cha kuonja alikitafuna, akaniagiza niongeze chumvi kidogo, kisha akaenda kufunga mizigo yake.