Jioni ya Marehemu Wote, Misheni ya Bagamoyo

Tarehe 2 Novemba 1994 nilikuwa na miaka 12, na jioni hiyo nilikabidhiwa ndoo ya maji ya baraka. Misa ya Marehemu Wote ilikuwa imekwisha katika kanisa kubwa, lile lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, na sasa watu walikuwa wanaandamana kwenda makaburini. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walitangulia na mishumaa, wameikinga upepo wa bahari kwa viganja. Mimi nilikuwa ubavuni mwa paroko, mpini wa ndoo ukinikata vidole.

Kwenye makaburi ya wamisionari paroko alichovya kinyunyizio, akanyunyiza, akasogea. "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Sisi tukajibu: "Na mwanga wa milele uwaangazie." Kila tulipofika msalabani nilisoma mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, nikatoa kichwani. Hesabu zilinitisha. Wengi walikuwa vijana. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hii mwaka 1868 wakitokea Unguja, na malaria haikuwapa muda. Kimbunga cha 1872 nacho kikaja kikabomoa walichokuwa wamekwisha kujenga, wakaanza upya. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikifuata maembe, sikuwahi kusimama kusoma.

Ibada ilipokwisha watu walitawanyika. Bibi yangu, mzaa mama, akaniita.

"Baba, hiyo ndoo imebaki maji?"

"Yamebaki kidogo, bibi."

"Njoo nayo."

Nilidhani tunakwenda mnarani, kwenye kanisa la kwanza, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake, kina Chuma na Susi, kuubeba kutoka bara. Ndiko wageni wote hupelekwa. Huko, na kwenye mbuyu wenye mnyororo uliomezwa na gome, ambao wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Si kweli, ulikuwa wa kumfungia punda. Minyororo ya watumwa ilikuwa shingoni mwa watu, na hao bibi aliwajua kwa karibu kuliko nilivyodhani.

Alinipeleka Groto, lile pango la mawe la Bikira Maria. Akavua kandambili, akapiga goti kwa shida, akaweka kiganja juu ya jiwe, chini kabisa pembeni, mahali penye ukungu wa kijani. Akakiacha hapo kitambo.

"Hii ilijengwa mwaka 1876," akasema. "Waliojenga ni wale waliokombolewa. Bibi yangu alikuwa mtoto hapa, alisomba mawe."

Sikuwa nimewahi kuambiwa. Nilijua tu kwamba bibi akiulizwa kabila hujibu, "Sisi watu wa Misheni," na mazungumzo huishia hapo. Jioni ile akanieleza: mama huyo aliletwa pwani na msafara angali mdogo, akavushwa Unguja, akauzwa sokoni kabla soko lile halijafungwa mwaka 1873. Mapadri walimnunua kwa fedha za sadaka za Ulaya, wakamleta Bagamoyo, wakambatiza. Kwao ni wapi, alikuwa amesahau. Lugha ya mama yake ilimtoka. Kilichombakia ni jina.

"Padri humwombea kwa jina la ubatizo, na ni sawa, ndilo lililoandikwa kitabuni," bibi akasema. "Lakini mama yake hakumwita hivyo."

Akanivuta sikio, akanitajia. Lilikuwa jina fupi, la silabi mbili, sijalisikia popote tena. Silitaji hapa kwa sababu nilipewa sikioni, na mtu wa kwanza nitakayempa ni binti yangu, akifika miaka 12.

"Haya, nyunyiza."

Kinyunyizio paroko alikuwa ameondoka nacho. Nikatumbukiza mkono ndooni na kuyarusha maji kwenye mawe. Bibi akaanza, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," akalitaja lile jina kwa sauti, sauti ya kumwita mtu aliye ndani ya nyumba. Nikajibu. Tulirudia mara tatu, mpaka ndoo ikawa tupu, na giza lilikuwa limeshaingia chini ya miembe.

Akashika bega langu akainuka, akatafuta kandambili zake kwa mguu.